Benchi la Usta Heydar

Vijana wangu, kabla hamjashika sindano, nuseni zulia. Msicheke. Mimi pia nilicheka siku ya kwanza nilipomkuta mtu mzima, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, amepiga magoti kwenye sakafu ya duka hapa Fordsburg, Johannesburg, na pua imezama kwenye zulia la watu. Nilidhani anasali na amekosea kibla. Kumbe yuko kazini. Zulia lililolala kwenye unyevu hunuka uyoga, na ukilivuta kwa pupa nyuzi zake zitakukatikia mkononi. Lililokojolewa na paka mtalijua wenyewe, halihitaji fundi. Lakini lile linalonuka kama shuka la hoteli, hilo ndilo la kulisikitikia. Limeoshwa kwa sabuni ya unga na maji ya moto, mafuta ya kondoo yametoka yote kwenye sufu, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Nasrin ameniomba niwaandikie mambo haya kwa sababu sasa nyinyi ndio mnaokalia benchi, na macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Aliniambia, "Ami, andika kazi tu, isipotee." Haya, nitaandika kazi. Ila siwezi kuiandika bila kumwandika aliyenifundisha, ambaye ni baba yake Nasrin. Na yeye siwezi kumwandika bila mji wake, mji ambao sijawahi kuukanyaga na bado naujua kuliko Korogwe nilikozaliwa.

Aliitwa Heydar. Sisi tulimwita Usta, maana kwao fundi aliyeiva huitwa hivyo. Kwao ni Ahar, mji mdogo wa milimani kaskazini-magharibi mwa Iran, ambako watu wanaongea Kiazeri. Wateja walimwita Mwajemi, naye hakuwabishia, ila wakishatoka alitikisa kichwa. "Iran ni nchi yangu, Shabani. Lakini mama yangu hakunibembeleza kwa Kiajemi." Alinieleza kwamba mtoto wa Ahar alikuwa na lugha moja ya nyumbani na nyingine ya mwalimu, na ilimbidi akumbuke kubadilisha mlangoni, anavyokumbuka kuvua viatu. Ng'ambo ya milima yao uko mto Aras, na ng'ambo ya mto wako watu wa lugha hiyo hiyo. Vita vya wafalme wa zamani viliweka mpaka kwenye maji. Bibi yake Usta alikuwa na ndugu upande wa pili, na alikufa hajawahi kuwaona nyuso. Aliponisimulia hayo mara ya kwanza sikuguswa sana. Nilikuwa kijana, nimetoka nyumbani juzi juzi, nikidhani mipaka ni jambo la kuvuka tu.

Sasa niwaambie kabisa kwa nini nimekubali kuandika, msije mkadhani naremba. Usta alipokuwa anakaribia kufa, Nasrin alinipigia simu. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, nakaa zangu Bertrams, naiogesha jua miguu yangu mibovu. Hakuniuliza hali. Alisema, "Ami, daktari amesema hatuna muda mrefu. Sijui Baba azikwe wapi. Ana kitu anasema na mimi sielewi. Njoo umsikilize."

Mtoto wa pekee, haelewi maneno ya mwisho ya baba yake. Nililia kwenye simu bila kuona haya.

Msimlaumu Nasrin. Yeye alizaliwa hapa. Usta na mkewe, Bi Solmaz, walipomwandikisha chekechea, hajaanza hata kusema vizuri, waliambiwa mtoto asichanganywe lugha, na wao wageni wakatii. Nyumbani wakamsemesha Kiingereza chao cha kuungaunga, Kiazeri wakakiweka cha kunong'onezana wao wawili usiku wakishafunga mlango. Kizulu mtoto akakiokota barabarani. Na kwa sababu kila alasiri alikuwa akicheza kwenye marobota ya sufu hapa dukani, katikati yangu na Kasongo, akajua Kiswahili. Angalieni mambo ya dunia: binti wa Ahar anaongea lugha ya Korogwe na hajui ya mama yake. Wakati ule tulicheka sana. Bi Solmaz mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu siku mtoto alipomjibu, "Eish Mama, mimi sitaki chai bwana."

Kasongo mnamjua, huyo fundi cherehani wa chumba cha mbele, Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye bado anaimba kwaya huku anapinda suruali. Yeye ndiye aliyenileta kwa Usta. Nilikuwa nazunguka Fordsburg natafuta kibarua chochote, akaniambia, "Papa, kule nyuma kuko muzee mumoja wa matapis. Anatafuta mutu wa mikono, hapana wa mudomo." Matapis kwao ni mazulia. Nikaingia. Usta hakuniuliza jina wala karatasi. Alinishika viganja, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye sugu zangu.

"Ulikuwa unafunga nini?"

"Kamba," nikamwambia. "Baba yangu alisokota kamba za mkonge, na mimi nilimsaidia."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaketi kwenye benchi lile lile mnalokalia, ubao mmoja mrefu wa msonobari mbele ya fremu, akanionyesha nafasi kushoto kwake. Nilipokaa nikawa nimembana mkono. Akasema kwa upole, "Bir az o yana, bala." Sikuelewa, lakini kiwiko chake kilinifasiria. Sogea kidogo upande ule, mwanangu.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza ya Kiazeri, na kwa miaka yote niliyofanya kazi pale hapakupita siku nisiyoyasikia. Mafundi wa mazulia hukaa wawili au watatu kwenye ubao mmoja, bega kwa bega. Anayekuja mwisho husema neno hilo, naye aliyetangulia husogea. Huombi radhi wala hujibu. Unasogea tu. Usta alisema kwao mtu asiyesogea haraka hapati mke, kwa sababu kina mama wanaotafuta wakwe humwangalia kijana kwenye ubao. Sijui kama ni kweli. Alikuwa na tabia ya kuchomekea uongo mdogo kwenye ukweli ili usisinzie.

Fundo lenyewe mmeshalijua: uzi wa sufu unazunguka nyuzi mbili zilizosimama, ncha zote mbili zinatokea katikati, unavuta chini, unakata. Atakayewaambia fundo ni kazi ya vidole hajawahi kufunga. Fundo ni kazi ya sikio. Likikaza vizuri linatoa mlio mdogo mkavu, mfano wa mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Lisipolia, lifumue. Na msitumie sufu mpya kwenye zulia la zamani hata mteja akilia machozi. Mwaka wangu wa kwanza niliziba tundu kwa sufu mpya nyekundu nzuri ajabu, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Usta akavua viatu, akafumba macho, akatembea juu ya zulia bila soksi. Alipofika pale akasimama. "Hapa pana mgeni," akasema. Nikafumua. Ndiyo maana mnaona lile zulia chakavu chini ya meza. Halikusahauliwa pale, linatoa uzi kuwatibu wenzake.

Rangi alinifundisha kwa kuziita. Mama yake hakuwa na mchoro wa karatasi, zulia zima lilikuwa kichwani mwake. Alikaa katikati ya ubao, mabinti zake kulia, Heydar mdogo kushoto, na akaita rangi kwa sauti ya kuimba wao wakifunga: iki kirmizi, bir ag, uch goy. Nyekundu mbili, nyeupe moja, buluu tatu. Usta aliniita vivyo hivyo, na sauti yake ilikuwa mbaya kwelikweli. Kasongo chumba cha mbele alikuwa akiacha cherehani na kupiga kelele, "Usta, yesu wangu, acha niimbe mie, weye funga!" Lakini nikifunga kwa kuitwa mikono haikukosea. Ukiitwa huna nafasi ya kuwaza madeni wala nyumbani. Baadaye nikaweza kumwita yeye. Mswahili wa Korogwe anaimba rangi kwa Kiazeri katikati ya Johannesburg, na mzee wa Ahar anafunga huku macho ameyafumba.

Msidhani alikuwa mtu asiyekosea. Kosa lake kubwa lilikuwa la kwao kabisa, hakuna Mzulu wala Mswahili angelifanya. Ahar wakati wa joto mvua ni adimu, na nyumba za zamani zina mapaa bapa ya udongo. Watu huosha mazulia na sufu asubuhi na kuanika juu ya paa, jioni wanateremsha. Basi miezi ya joto ya kwanza ya duka hili, Usta akaliosha zulia la bibi mmoja tajiri, akalipandisha juu ya paa la jengo, akalitandaza, akateremka kunywa chai. Mimi nilimwambia, "Usta, alasiri huku si ya kuaminiwa." Akaangalia juu. Mbingu safi, haina hata wingu la kufutia kidole. Akanipuuza.

Wenyeji wa Joburg mnajua kilichofuata. Alasiri ngurumo ikapiga mara moja, na mvua ya mawe ikaja kana kwamba mtu amefungua gunia. Kasongo akatoka mbio, "Papa Shabani, ule muzee anaanika tapis na mvula inakuya!" Tukapanda wote watatu. Nakumbuka Usta amejifunika kichwa kwa beseni la plastiki, mawe yanapiga beseni, naye anaitukana mbingu kwa lugha yake, maneno ambayo hakuwahi kunifundisha. Tuliliteremsha zulia limelowa, zito, halibebeki. Mawe yalikuwa yamejazana kwenye manyoya yake. Bi Solmaz, aliyekuwa ameleta chakula, alitupokea chini na taulo, akamwangalia mumewe mwenye beseni kichwani, akasema neno moja tu, nami nikamwuliza Usta maana yake. "Anasema nimekuwa mrembo," akajibu. Bi Solmaz akakataa kwa kichwa. Siku zile kulikuwa na furaha katika chumba kile, na naona nimezieleza kwa haraka kwa sababu zinaniuma.

Niwaeleze Bi Solmaz, maana bila yeye hamtaelewa mwisho. Alitoka Ahar kama mumewe, ila kwao hawakuwa wafumaji. Baba yake alikuwa na mkahawa wa chai sokoni, mahali ambapo waimbaji wao walikuja na zeze la shingo ndefu kuimba hadithi za mapenzi wakati wa theluji. Hakuwahi kukaa mbele ya mtambo wa kufumia hata siku moja akiwa kwao. Alijifunza hapa, ukubwani, kwa upweke tu. Nasrin alipoanza shule nyumba ikawa kimya, akaanza kuja dukani na birika lake, akakaa kwenye benchi, akaona heri naye ashike uzi. Mwanamke mnene, mchangamfu, anakaa katikati ya ubao kana kwamba umenunuliwa kwa ajili yake. Usta akitoka kuongea na mteja na kurudi anakuta hana pa kukaa. "Bir az o yana, Solmaz." Naye anasogea nusu nusu kwa makusudi, ili Usta amkalie upindo wa gauni, ili amgombeze, ili wapate la kusema. Jina lake maana yake ni asiyechuja, mnavyosema rangi imechuja. Usta alipenda kuwaambia hivyo wateja waliouliza kama rangi itadumu. "Mimi nimeoa isiyochuja," anasema, na mama wa watu anaona haya.

Mji nao nilifundishwa kwenye ubao huo huo. Zulia la milima ile likiingia dukani, Usta aliligeuza mgongo kwanza, na nyinyi mgeuze mgongo kwanza, uso wa zulia unadanganya. Pale ambapo wekundu unabadilika kidogo katikati, mteja anadhani ni doa na anataka lifutwe. Usta alikataa. "Hapa sufu ilimwishia mfumaji," alisema, akikivuta kidole changu pale. "Akasubiri wachungaji washuke mlimani. Wakashuka, akachemsha mizizi ya rangi upya, chungu kingine, maji mengine. Angalia, hapa ni kabla, hapa ni baada." Kutoka hapo anaanza: jinsi wachungaji walivyoingia mjini na makundi, vumbi mpaka kwenye mikate, sukari ya bonge unayoibana kwa meno na kunywea chai, bustani yenye kaburi la sheikh wao wa kale ambako watoto walicheza mpira na mlinzi akiwafukuza kwa fimbo bila kuwafikia. Nikichoka namwambia, "Usta, nimeshafika Ahar, sasa nirudishe." Anacheka, anaendelea.

Halafu likaja tetemeko. Ilikuwa Ramadhani, alasiri kwao, na ardhi ilitikisika mara mbili kwa kufuatana. Vijiji vya pembeni ndivyo vilivyofutika, na mjini nyumba za udongo zikapasuka. Usta alishinda na simu mkononi, namba hazipatikani. Nilipomkuta, nikitoka kuswali, alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. Mpwa wake alikuwa ameshapiga. Watu wao walisalimika, alhamdulillahi, walikuwa nje. Chumba cha kufumia cha mama yake, ambaye alikuwa ameshatangulia siku nyingi, kilikuwa kimeanguka juu ya mtambo.

"Ubao umevunjika," akaniambia. Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Tukafuturu tende na chai pale pale. Tangu siku hiyo hadithi za Ahar zilipungua. Akianza moja, anaikatisha.

Na Bi Solmaz akafuata. Moyo. Alizikwa huku, kwa sababu Waislamu hawachelewi kuzikana, na Usta hakuwa na nguvu ya kupanga safari ya jeneza. Baada ya hapo mzee akawa na neno tofauti kila siku. Leo akikasirishwa na umeme kukatika atasema, "Nikifa nirudisheni kwetu, siwezi kulala kwenye mji wa mvua ya mawe." Kesho akitoka makaburini atasema, "Hapa pana kivuli kizuri." Nasrin alimwuliza waziwazi mara moja, akajibu, "Utajua." Kisha kumbukumbu ikaanza kumtoka. Kwanza yakaondoka majina ya wateja, kisha Kiingereza, kisha Kiswahili chetu kile cha Korogwe na Lubumbashi alichokikoroga mwenyewe. Ikabaki lugha ya mama yake peke yake, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kuipokea.

Ndipo nikapigiwa ile simu.

Nilimkuta Nasrin mlangoni pa nyumba ya baba yake, Mayfair, macho mekundu. Alikuwa ameshawajaribu wa kwao kwa simu ya picha. Mpwa wa Ahar alimsemesha mzee, mzee akadhani ni redio na kuashiria izimwe. Mpwa yule akasema, "Anataka kuja nyumbani, mleteni." Nasrin akanishika mkono. "Labda ni kweli, Ami. Lakini binamu anataka hivyo, na mimi nataka abaki na Mama. Kila mtu anasikia anachotaka. Wewe msikilize kama kwenye kazi tu, bila kutaka lako."

Nilikuwa nimebeba fremu ndogo ya kufundishia, imetandwa nyuzi, na mabonge ya sufu ya zamani. Usta alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amebaki mifupa na ndevu, macho yako mbali. Hakunijua. Nikavuta kiti, nikamwekea fremu mapajani, nikamtia uzi mwekundu kidoleni. Halafu nikaita, kwa sauti yake mbaya aliyonirithisha.

"Iki kirmizi. Bir ag."

Vidole vikaamka. Wallahi vikaamka. Mtu ambaye asubuhi hakuweza kushika kijiko akazungusha uzi kwenye nyuzi mbili, akatoa ncha katikati, akavuta. Likalia. Nikaita tena, akafunga tena. Nasrin alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, amejiziba mdomo kwa shela.

Kisha mzee akaanza kusema. "Ana," alisema. "Ana." Kwao hilo ni mama. Alikuwa anamwita mama yake. Nasrin akaniuliza anasema nini, nami nikamwambia. Nilitamani kumficha, lakini aliniita nije kusikiliza. Akakaa chini sakafuni. "Basi yuko kwao," akasema. "Ameshafika. Tutampeleka, Ami. Nitampigia binamu."

Na mimi niliamini hivyo. Nikaendelea kuita kwa sababu tu nilikuwa naogopa kunyamaza. Safu moja ikaisha, tukaanza nyingine, vidole vikaanza kuchoka. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye shuka. Ghafla akaacha uzi, akaugeuza uso upande wa ukuta, ambako kitanda kilikuwa kitupu, upande aliolala mkewe miaka yote ile. Akapapasa pale kwa kiganja. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kuongea na mteja na sasa amerudi na kuchoka:

"Bir az o yana, Solmaz."

Nasrin aliruka. "Mama! Amemtaja Mama. Amesema nini?"

Niliuokota uzi aliouacha. Nilimwambia, "Anamwomba asogee kidogo, apate pa kukaa."

"Wapi? Kule Ahar?"

"Mama yako hakuwahi kukaa kwenye ubao wa Ahar," nikamwambia. "Ubao wao ulikuwa mmoja tu. Huo wa dukani."

Tulilia sote wawili, na mzee akalala katikati ya kilio chetu, mkono wake umebaki pale pale kwenye shuka tupu. Baada ya hapo hakusema tena neno lililokuwa na maana kwangu. Tulimzika Ijumaa, kando ya Bi Solmaz, ubavu kwa ubavu. Kasongo alikuja na suti yake ya kwaya, akasimama nyuma ya Waislamu na kushika koleo zamu yake ilipofika. Mpwa wa Ahar alipoelezwa kwa simu aliomba apigiwe picha ya kaburi. Nilimsikia analia. Simlaumu, na yeye alitaka mtu wake.

Mimi wajukuu wangu wananiita mkhulu, babu kwa Kizulu. Nikiwasemesha wananielewa, na majibu yanakuja kwa Kiingereza au Kizulu. Siku hizi siku nyingine nautafuta msamiati wangu mwenyewe na siuoni haraka. Nikiachwa na maneno ya Korogwe tu, sijui ni nani atakayekuja na fremu. Naogopa. Sijawahi kumwambia mtu, nawaambia nyinyi. Kwa hiyo wewe uliyetoka Kigoma, na wewe uliyetoka Kalemie, kufunga fundo mikono itawafundisha. Lakini mkiwa na mzee, kaeni naye kwenye ubao wakati bado anaita.

Baada ya arobaini nilikuja dukani kuchukua miwani yangu. Hapakuwa na mtu. Nikakaa kwenye benchi, katikati, kwa uchovu tu, nikaangalia fremu yenye zulia lililoachwa nusu. Nasrin akaingia na birika la mama yake. Akasimama nyuma yangu, nikadhani anataka kuniuliza kama nitakunywa chai. Kisha akasema taratibu, kwa ulimi ambao haujawahi kubeba maneno yale, akiyaweka moja moja:

"Bir az o yana, Ami."

Nikasogea.